Kinu Kisichowashwa

Leo naomba tusafiri pamoja mpaka Austria, nchi ya katikati ya Ulaya isiyopakana na bahari, kwenye kijiji kiitwacho Zwentendorf. Kijiji hicho kiko kando ya mto Danube, kama kilomita 50 kutoka mji mkuu, Vienna. Hapo kuna kinu cha nyuklia kilichojengwa kikaisha, kikafungwa bolti ya mwisho na waya wa mwisho. Wahandisi waliajiriwa na kufundishwa. Urani ya kukiwashia ilifikishwa mpaka ndani ya lango. Halafu, Jumapili ya tarehe 5 Novemba 1978, wananchi wa nchi nzima wakaulizwa: kiwashwe, kisiwashwe? Wakajibu kisiwashwe. Hakijawashwa mpaka leo, na watu sasa huenda kukitazama kama jumba la makumbusho.

Nimefika huko, na tangu nirudi nimekuwa na hamu ya kulizungumzia jambo hili. Huku kwetu Pwani ya Kenya, na sasa hata kando ya Ziwa Victoria, watu wanaambiwa watajengewa kinu cha nyuklia, na karibu wote hawajapata kukiona. Wanaopinga wanapinga kitu wasichokijua sura. Wanaounga mkono nao ni vivyo hivyo. Zwentendorf ni mahali adimu ambapo mtu wa kawaida anaweza kuingia mpaka kiini cha kinu kikubwa cha umeme, akakigusa kwa mkono wake, akauliza maswali yake yote, akatoka salama bila hata kupimwa mionzi mlangoni.

Kwa nje hakina la kumvutia mtu. Ni jengo kubwa la zege la rangi ya kijivu, limekaa peke yake kwenye mashamba, na pembeni yake dohani nyembamba yenye urefu wa mita 110. Ile minara mipana yenye viuno, ambayo wengi wetu tumeizoea kwenye picha za mitambo ya nyuklia, hapa haipo. Minara ile kazi yake ni kupoza maji. Zwentendorf ilikusudiwa kupozwa kwa maji ya Danube: yavutwe kutoka mtoni, yapite mitamboni, yarudi mtoni yakiwa na joto zaidi. Lishikeni hilo, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini vinu hivi hutafutiwa nafasi kando ya mito, maziwa na bahari. Mtu akikwambia kinu kitajengwa kijijini kwenu kwa sababu mna bahari, maana yake ni kwamba bahari yenu nayo itakuwa sehemu ya mtambo.

Kwa ziara hiyo lazima ujiandikishe mapema. Unaingia kwa kundi, mna kiongozi, na jambo la kwanza linalokujia ni ukubwa wa mahali. Korido ni ndefu, kuta ni nene, mabomba yanapanda na kushuka kila upande, na kila bomba lina namba yake. Mnapandishwa kwa lifti mpaka ukumbi wa juu kabisa, palipo na winchi kubwa ya manjano, na hapo mnainama kwenye vizuizi na kutazama chini, ndani ya kinu chenyewe.

Hebu nieleze kinavyofanya kazi, maana nilipokuwa pale nilielewa kwa dakika chache mambo ambayo vitabu vilinisumbua kwa miaka. Chembe ya urani ikigongwa na kijichembe kiitwacho nyutroni hupasuka, na ikipasuka hutoa joto pamoja na nyutroni nyingine, nazo zikagonge chembe nyingine. Ukizikusanya chembe hizo kwa wingi unaofaa, mpasuko mmoja huzaa mwingine mfululizo. Basi ndani ya chungu kikubwa cha chuma kinene hupangwa fimbo za urani, hutiwa maji, na maji yale huchemka. Mvuke hupanda, hupelekwa kwenye turbini, turbini huzungusha jenereta, umeme hupatikana. Mwisho wake ni mvuke tu, kama ule unaotoka ardhini Olkaria, kule Bonde la Ufa. Tofauti ni mahali joto linapotoka, na kinachobaki baada ya joto hilo.

Zwentendorf ni kinu cha aina ile ambayo maji huchemka mle mle ndani ya chungu, na mvuke uliopitia kwenye urani ndio uendao moja kwa moja mpaka kwenye turbini. Kwa hiyo kinapofanya kazi, hata ukumbi wa turbini huwa na mionzi. Kuna aina nyingine, iliyo nyingi zaidi duniani, ambayo hutenga maji hayo kwa mizunguko miwili. Huenda jambo hili likaonekana la wataalamu tu, lakini ni swali ambalo mwanakijiji ana haki ya kuuliza kwenye baraza: mnatuletea aina gani?

Pembeni ya mdomo wa kinu kuna bwawa refu, siku hizi kavu. Hilo lilikuwa la kuwekea fimbo zilizokwisha kutumika. Wengi hudhani kinu kikizimwa kimezimika, kama jiko la gesi. Sivyo. Ile mipasuko husimama kwa sekunde chache, ndiyo, lakini vitu vilivyozaliwa na mipasuko huendelea kutoa joto kwa siku, miezi na miaka, na joto hilo lazima lipozwe. Hicho ndicho kilichotokea Fukushima, Japani, Machi 2011: vinu vilijizima vyenyewe tetemeko lilipopiga, kisha bahari ikaja juu na kuharibu mitambo ya umeme wa dharura, pampu zikakosa nguvu, na urani iliyokuwa imezimwa ikajiyeyusha kwa joto lake yenyewe. Kusimama juu ya bwawa lile kavu, ukijua kwamba kwingineko mabwawa kama hayo yanalindwa usiku na mchana, kunakufanya ufikirie sana juu ya umeme usiokatika na juu ya nchi ambayo umeme wake hukatika.

Baada ya hapo mnashuka, tena mnashuka sana, na hapa ndipo ningependa kukaa nanyi kidogo. Mnapita kwenye mlango mzito wa chuma, mnainamisha vichwa, na mnajikuta chini ya kinu kabisa. Juu ya vichwa vyenu ni kitako cha kile chungu, na kwenye kitako hicho yananing'inia mabomba ya chuma yaliyonyooka, mengi, yamepangwa kwa safu kama makuti yaliyofumwa darini. Ndani ya mabomba hayo ndimo zinamopita fito za kudhibiti. Fito hizo zimetengenezwa kwa madini yanayozimeza nyutroni: zikiingizwa katikati ya urani, mipasuko hupungua, zikiingizwa zote, kinu huzimika. Katika vinu vingine fito hutoka juu na hushuka zenyewe kwa uzito wake. Katika kinu cha aina hii juu hakuna nafasi, kwa sababu ndiko kunakokaa vyombo vya kukausha mvuke, kwa hiyo fito husukumwa kutoka chini kwenda juu. Kwa hiyo breki ya mtambo mzima ni mabomba yale yaliyo juu ya kichwa chako.

Katika kinu kilichowahi kufanya kazi, mahali hapo haingii mtu kinapowaka. Kikizimwa kwa matengenezo, wafanyakazi huingia kwa muda uliopimwa, na mavazi maalumu, na kifaa cha kupimia mionzi kifuani. Mgeni wa kutoka barabarani hapaoni maisha yake yote. Zwentendorf unapaona, unanyoosha mkono, unagusa chuma. Niliwatazama wenzangu kwenye kundi, wazee kwa vijana, na wote walikuwa wametazama juu, hakuna aliyekuwa akisema neno. Mtu anapoona kwa macho yake jinsi binadamu walivyokaa wakafikiri, wakachora, wakachomelea, wakapima kila unene wa chuma ili kuushika moto wa aina hii, hawezi tena kuwaita wahandisi wale wajinga au waovu. Na akiona ni vitu vingapi lazima vyote vifanye kazi kwa pamoja, hawezi pia kumkubalia yeyote asemaye kwamba hapana la kuogopa.

Chumba cha kuongozea mitambo kimebaki kama kilivyokuwa miaka ya sabini. Meza zimejipinda nusu duara, swichi kwa mamia, taa ndogo za rangi, mishale iliyolala kwenye sifuri. Hakuna kompyuta tunazozijua leo. Wataalamu waliofundishwa kukaa kwenye viti vile walingoja miaka. Baada ya kura, kinu hakikubomolewa mara moja. Wenyewe waliendelea kukitunza, kukipasha joto, kukizuia kutu, wakiamini siasa zingebadilika. Mwaka 1985 ndipo walipokata tamaa na kuamua kuuza kidogo kidogo kilichouzika. Nafikiri juu ya watu hao. Zaidi ya miaka sita ya kung'arisha mtambo usiowaka ni sehemu ya maisha ya mtu.

Vipuri vilipata kazi. Ujerumani ilikuwa na vinu ndugu wa hiki, vilivyochorwa kwa ramani moja, huko Brunsbüttel, Philippsburg na Isar, na Zwentendorf ikawa ghala lao. Ikawa shule yao vilevile: mafundi wa Kijerumani walikuja kujizoeza humu kazi ambazo kule kwao zingewagharimu mionzi. Baada ya Fukushima, mwaka ule ule wa 2011, Ujerumani iliamua vinu hivyo vyote visiwashwe tena. Tangu 2005 Zwentendorf ni mali ya EVN, kampuni ya nishati ya Austria ya Chini, jimbo kilipo kinu hicho, ambayo mwaka 2009 iliweka paneli za jua kwenye eneo hilo. Filamu zimepigwa humo, matamasha ya muziki yamefanyika nje. Hayo nayapita upesi, maana kilichonipeleka mimi huko ni ile kura.

Ujenzi ulianza mwaka 1972. Wakati huo karibu kila chama kikubwa kilikubali, vyama vya wafanyakazi vilikubali, viwanda vilishangilia. Upinzani ulianza kwa watu wachache, ukakua. Walikuwemo wanasayansi waliouliza kuhusu matetemeko ya ardhi, kina mama waliouliza kuhusu watoto, wanafunzi, wakulima. Swali moja halikupata jibu la kuridhisha: taka zitazikwa wapi? Jengo likazidi kupanda huku swali limekaa pale pale.

Kansela wa Austria, Bruno Kreisky, alikuwa mwanasiasa hodari na mpendwa wa watu. Alipoona mambo yamemzidi, aliamua kulirudisha suala kwa wananchi, na ndiyo ikawa kura ya maoni ya kwanza ya taifa zima tangu Vita Kuu ya Pili. Kwa hilo namheshimu. Lakini alifanya mambo mawili yaliyoiharibu kura hiyo. La kwanza, aliwauliza watu baada ya jengo kukamilika, na mabilioni ya shilingi yamekwisha kuzama (Waaustria nao walikuwa na shilingi yao enzi hizo). La pili, alidokeza kwamba wakikataa, huenda yeye akajiuzulu. Papo hapo kura ikawa na maswali mawili ndani ya bahasha moja. Kuna waliopenda atomu lakini wakampinga Kreisky, wakapiga Hapana. Kuna walioogopa atomu lakini wakamhurumia Kreisky, wakapiga Ndiyo.

Hapana ilipata asilimia 50.47. Kura 1,606,308 dhidi ya 1,576,839. Tofauti haikufika 30,000 katika nchi nzima. Kule magharibi kabisa, jimbo la milimani la Vorarlberg, zaidi ya watu wanane katika kila kumi walikataa. Katika baadhi ya majimbo mengine mizani iliegemea upande wa pili. Kreisky hakujiuzulu. Mwezi Desemba bunge likapitisha sheria ya kuzuia umeme wa nyuklia nchini, na mwezi Mei mwaka uliofuata Kreisky huyo huyo akashinda uchaguzi kwa wingi mkubwa kuliko wote aliowahi kupata.

Ndipo ulimwengu ukaanza kuipa kura ile uzito ambao yenyewe haikuwa nao. Machi 1979, miezi michache tu baada ya kura, kinu cha Three Mile Island huko Marekani kikayeyuka kwa sehemu. Aprili 1986 kinu cha Chernobyl kikalipuka, na mvua ikaishusha mionzi yake juu ya milima ya Austria, moja ya nchi za magharibi zilizoathirika zaidi. Baada ya hapo hapakuwa na mwanasiasa wa kulifufua jambo. Mwaka 1999 marufuku hiyo iliingizwa kwenye sheria ya kikatiba. Watu waliogawanyika karibu nusu kwa nusu mwaka 1978, watoto wao leo husema kana kwamba taifa zima lilikuwa na sauti moja tangu mwanzo.

Nisingekuwa mkweli kwenu nikiishia hapo. Umeme uliokusudiwa kutoka Zwentendorf ulitakiwa utoke mahali fulani. Austria imebarikiwa maji. Bwawa kubwa la umeme la Altenwörth liko jirani, kwenye mto huo huo wa Danube. Lakini pia ulijengwa mtambo wa makaa ya mawe hapo hapo karibu, Dürnrohr, ulioanza kazi katika miaka ya themanini na kuchoma makaa mpaka 2019. Zaidi ya miaka 30 ya moshi. Anayetembelea kinu kisichowashwa na kusifu ushujaa wa wapigakura anapaswa kuutaja moshi huo pia. Mimi sikuja hapa kuwaambia kwamba Hapana lilikuwa jibu sahihi. Ninachokisema ni kwamba swali liliulizwa kwa kuchelewa, na kuchelewa huko ndiko kulikowagharimu Waaustria mara mbili, kinu wasichokitumia na makaa waliyoyachoma.

Sasa turudi kwetu. Afrika nzima ina kituo kimoja tu cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi, Koeberg, karibu na Cape Town, na Misri inajenga chake El Dabaa. Kenya imekuwa ikijiandaa kwa zaidi ya miaka kumi; wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, walikuja kuupima utayari wetu mwaka 2015. Wakala wa serikali, NuPEA, ukaelekeza macho kwenye kaunti ya Kilifi, kijiji cha Uyombo, kwa kinu cha megawati 1,000, ujenzi ukitajwa kuanza 2027 na umeme kupatikana 2034. Mnaoijua Uyombo mnajua palivyo: Mida na mikoko yake, bahari ya Watamu, msitu wa Arabuko Sokoke, watu wanaoishi kwa uvuvi na kwa wageni wanaokuja kutazama samaki na ndege. Wakazi walilalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Mei 2024 wakaandamana, polisi wakaja, watu wakaumia. Mwaka uliofuata jina la Siaya, kando ya Ziwa Victoria, likaanza kutajwa badala yake.

Nililisikia hilo la Siaya na moyo wangu haukutulia, maana naona njia ile ile ya zamani. Eneo huchaguliwa kwanza, hesabu za megawati hutangazwa, kisha ndipo watu huitwa kwenye hema, wakapewa soda, wakaelezwa. Kuelezwa si kuulizwa. Austria ilikosea kwa kuuliza mwishoni, lakini iliuliza, na ilikuwa tayari kulipa gharama ya jibu. Sisi bado tuko mwanzoni. Hakuna zege lililomwagwa. Hakuna shilingi bilioni nyingi zilizozama. Hakuna kiongozi aliyelifunga jina lake kwenye jambo hili kiasi kwamba kulikataa ni kumkataa yeye. Huu ndio wakati ambao Waaustria wa mwaka 1971 walikuwa nao wakaupoteza.

Tena, ndugu zangu wa NuPEA na wa wizara ya nishati, nataka niwaombe jambo moja ambalo liko ndani ya uwezo wenu. Makao makuu ya IAEA yako Vienna. Kila mwaka mwezi wa Septemba ujumbe wa Kenya huenda huko kwa mkutano mkuu wa shirika. Mkimaliza kikao, Zwentendorf ni chini ya mwendo wa saa moja kwa gari. Safari ijayo ongezeni viti. Mchukueni mzee wa wavuvi kutoka Uyombo, na mama anayekausha dagaa Siaya, na mwalimu wa fizikia wa shule ya upili ya huko, na kijana mmoja kati ya wale waliobeba mabango. Tafuteni mkalimani wa Kiswahili na wa Dholuo. Wapandisheni kwa ile lifti, wasimamisheni juu ya bwawa kavu, kisha washusheni mpaka chini ya kinu, wayaguse yale mabomba. Wapeni muda wa kuuliza ni aina gani ya kinu, maji ya kupozea yatatoka wapi na yatarudi na joto kiasi gani, nani atalinda bwawa la taka umeme wa gridi ukikatika, na taka hizo zitakwenda wapi. Wakirudi nyumbani, waacheni waongee na watu wao, kwa lugha yao, bila nyinyi kukaa meza ya mbele.